Pacifico: fonti ya brashi yenye bashasha, na jinsi inavyobeba maneno ya Kiswahili

Pacifico ni fonti ya mapambo. Imetengenezwa kwa ajili ya jina la duka, kichwa cha kadi, maandishi ya fulana au neno moja kubwa lililowekwa juu ya picha, wala haikukusudiwa kubeba aya nzima ya kusomwa. Ilibuniwa mwaka 2011 na Vernon Adams, mbunifu Mwingereza aliyevutiwa na utamaduni wa kuteleza juu ya mawimbi uliokuwa umeshamiri nchini Marekani katika miaka ya 1950, na inatolewa bure kupitia Google Fonts, hazina ya fonti ya Google iliyoko mtandaoni. Kwa kuwa imo pia ndani ya Canva, programu ya mtandaoni ya kusanifia kadi na matangazo, imefika mikononi mwa watu wengi ambao hawajapata kusikia jina la aliyeichora: muuza juisi, mwenye saluni, mpishi wa keki wa nyumbani na kijana anayetengeneza matangazo kwa simu yake. Nimeitazama hapa kwa jicho la mtu anayeandaa mabango, kadi na stika za Kiswahili, kwa sababu fonti za aina hii kwa kawaida hupimwa kwa maneno ya Kiingereza, ilhali lugha hizi mbili haziwapi herufi zao kazi kwa namna moja.

Kwa sura, Pacifico inaiga brashi ya ncha ya duara iliyolowa rangi ya kutosha. Mchirizi wake ni mnene, na unene huo haubadiliki sana kutoka mwanzo wa herufi hadi mwisho wake. Ncha zote zimeviringika, na herufi ndogo zinashikana pasipo kuonyesha mahali mkono ulipoinuliwa. Hakuna mikwaruzo ya brashi iliyokaukiwa rangi, wala matone, wala zile kingo zilizochakaa ambazo fonti nyingine huzitumia ili zionekane zimeandikwa kwa mkono. Ni mwandiko wa fundi wa mabango aliyetulia, mwenye furaha lakini asiye na haraka. Usafi huo ndio unaoifanya isomeke kwa mbali kuliko fonti nyingi za kundi lake: jina la herufi saba au nane likiwekwa kubwa juu ya mlango wa duka, abiria aliye ndani ya daladala inayopita atalisoma bila kulikodolea macho.

Ukoo wake ni mrefu kuliko umri wake. Brush Script ya Robert E. Smith ilitolewa mwaka 1942 na kampuni ya American Type Founders, na Mistral ya Mfaransa Roger Excoffon ikatoka mwaka 1953 katika kiwanda cha Fonderie Olive kilichokuwa Marseille. Zote mbili ni za enzi za herufi za risasi, wakati kila herufi ilikuwa kipande cha madini kinachojitegemea, na kuzifanya herufi hizo zikutane sawasawa bila ufa ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu. Excoffon alilitatua tatizo hilo vizuri kiasi kwamba Mistral, iliyotokana na mwandiko wake mwenyewe, hadi leo inaonekana kana kwamba wino wake haujakauka. Pacifico haina wasiwasi wa Mistral wala mwinamo mkali wa Brush Script. Imenona zaidi na imetulia zaidi, ingawa kwa maoni yangu inapungukiwa na ule ukali unaomfanya mtu aitazame Mistral mara ya pili.

Sasa tuilete kwenye Kiswahili. Kwa upande mmoja, lugha yetu ni mteja mwepesi kwa fonti yoyote, kwa sababu haidai alama juu wala chini ya herufi. Pacifico inazo alama za Kivietinamu na herufi za Kisirili, yaani zile za kuandikia Kirusi, ambazo kwetu ni ziada isiyo na kazi. Isitoshe, maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu katika mwandiko wa kuunganisha ni herufi fupi zisizopanda wala kushuka, kwa hiyo neno hufunga kwa utulivu na kuacha nafasi safi kwa neno linalofuata. Majina kama Karibu, Neema, Baraka na Pwani hukaa vizuri katika fonti hii tangu yanapochapwa, bila kurekebishwa chochote.

Irabu hizo hizo, hata hivyo, ndizo zinazoifichua. Chukua bango la kawaida kabisa linalosema Maandazi ya Mama. Ndani ya maneno hayo matatu mna a sita, na Pacifico huzichapa zote kwa umbo lile lile, kwa urefu ule ule na kwa mkia ule ule. Mkono wa binadamu hauandiki hivyo. Fundi wa mabango anayetumia brashi halisi hubana a ya kwanza akiona nafasi ni ndogo, huiachia ile ya katikati, na ile ya mwisho huivuta kidogo ili kuonyesha kwamba amemaliza. Katika Kiingereza herufi inayojirudia zaidi ni e, lakini haitawali neno kama a inavyolitawala neno la Kiswahili, na ndiyo maana kasoro hii haionekani sana katika mifano ya maneno ya Kiingereza ambayo wauzaji na wagawaji wa fonti huitumia kutangaza kazi zao.

Hali huwa mbaya zaidi katika maneno ya kurudufu, ambayo wafanyabiashara wetu wanayapenda mno: polepole, motomoto, tamutamu. Nusu mbili za neno hutoka sawa kabisa, kama muhuri uliogongwa mara mbili, na papo hapo jicho hutambua kwamba kinachotazamwa ni kazi ya mashine. Dawa ipo, na si ngumu. Geuza maandishi kuwa michoro katika programu unayoitumia, kisha uibadilishe nusu ya pili kwa kiasi kidogo: ipandishe kidogo juu ya mstari, ikuze kwa asilimia chache, au uvute mkia wa herufi ya mwisho uende mbali zaidi. Mabadiliko yakiwa madogo hakuna atakayeyagundua, lakini neno zima litaanza kupumua. Mbunifu anayelipwa kwa kazi yake hana udhuru wa kuiruka hatua hii. Anayetengeneza tangazo la siku moja kwa simu anaweza kusamehewa.

Kuna pia suala la vilima. Herufi m, n, u, w na i katika mwandiko wa kuunganisha ni mfululizo wa vilima na mabonde, na Kiswahili huzipanga pamoja bila huruma. Andika Muungwana au Mnunuzi kwa fonti nene kama hii na utaona jinsi msomaji anavyolazimika kuhesabu vilima ili ajue n imeishia wapi na u imeanzia wapi. Kwa ukubwa wa bango neno bado linasomeka, lakini likishushwa hadi ukubwa wa kadi ya biashara linakuwa fumbo. Anayechagua jina la duka lake huku akiwa tayari ameipenda Pacifico angefanya vyema kulichapa jina hilo kwanza na kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara kabla ya kwenda kulisajili.

Tatizo ambalo hakuna fonti ya kuunganisha ninayoifahamu iliyolishughulikia kwa ajili yetu ni ng'. Ule mkato wa juu huhesabiwa na kompyuta kuwa ni alama inayosimama katika nafasi yake yenyewe, kwa hiyo unapoandika Ng'ombe, g hunyoosha mkono wake kuelekea kwenye nafasi tupu, mkato unaning'inia juu, na ombe huanza upya upande wa pili wa ufa. Neno moja linakuwa mawili. Bango la supu ya ng'ombe lililoandikwa hivyo linaonekana limepasuka katikati, na wengi hulitatua kwa kuuondoa mkato kabisa, jambo ambalo mwandishi makini hawezi kulikubali, kwani sauti ya ng' si sauti ya ng. Njia inayofaa ni kuandika neno bila mkato ili herufi zishikane, kisha kuuweka mkato peke yake kama kitu tofauti, ukiwa umeinuliwa juu ya kiungo kati ya g na o. Chukua mkato wa Pacifico yenyewe, ule uliopinda, na si ule wima ulionyooka ambao kibodi huutoa katika programu nyingi za kuchora. Wima huo katikati ya michirizi iliyoviringika hukera macho.

Mafundi wa stika wana hoja yao, nayo ni nzito kuliko ya wapenda urembo. Herufi za Pacifico hushikana kwa kulaliana, yaani mkia wa moja huingia juu ya mwanzo wa inayofuata. Kwenye skrini na kwenye karatasi ya printa hilo halionekani. Lakini faili likipelekwa kwenye mashine ya kukatia stika kabla maumbo hayajaunganishwa, kisu hufuata mzingo wa kila herufi kivyake, na kila kiungo hukatwa vipande vidogo vinavyobandukabanduka. Vivyo hivyo, ukizipa herufi mstari wa pembezoni au rangi inayopenyeza, yale maeneo yaliyolaliana yatajitokeza kama makovu. Programu za kuchora kama CorelDRAW, Illustrator na Inkscape zote zina amri ya kuyeyusha maumbo kadhaa kuwa umbo moja; itumie baada ya kugeuza maandishi kuwa michoro, na uhifadhi nakala nyingine yenye maandishi ya kawaida, maana mteja atarudi kubadilisha jina, na jina lililokwisha kuyeyushwa halihaririki.

Baada ya kuunganishwa, fonti hii inageuka kuwa mali kwa kazi za kukata. Kibao cha kuchomeka juu ya keki, kwa mfano, kinahitaji neno lishikane lote ili lisivunjike, na unene wa viungo vya Pacifico unatosha kuhimili plastiki au mbao nyembamba. Fonti nyingi za harusi zenye nyuzi nyembamba hukatikia hapo. Kinachobaki kutatuliwa ni nukta za i na j, ambazo hazishikani na kitu chochote na hudondoka mara tu kibao kinapoinuliwa, pamoja na baadhi ya herufi kubwa ambazo hazifiki kwenye herufi inayozifuata. Nukta ishushwe hadi iguse mwili wa herufi, na herufi kubwa isogezwe. Kwa kudarizi pia inafaa, kwani mchirizi mpana wenye ncha za duara hujaa uzi vizuri na hauachi kona kali za kufumuka.

Jambo moja halina mjadala: Pacifico haiandikwi kwa herufi kubwa tupu. Herufi zake kubwa zimechorwa kufungua neno, na zinapopangwa pamoja hazishikani, zinagongana na kuzidiana kimo. Hii inaiondoa moja kwa moja katika kazi ya khanga, ambako jina kwa desturi huandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, na ni vizuri desturi hiyo iachwe ilivyo; WEMA HAUOZI kwa mwandiko huu ungekuwa msongamano usiosomeka begani mwa mvaaji. Kosa la aina hiyo hiyo ni kuachanisha herufi ili neno lienee upana wa bango. Mwandiko wa kuunganisha ukiachanishwa hukatika katika kila kiungo, na kinachobaki ni mikia inayoelea. Neno likiwa fupi kuliko bango, likuzwe, au nafasi iachwe tupu. Nafasi tupu haijawahi kumdhuru mtu.

Fonti hii ina uzito mmoja tu. Hakuna nyembamba, hakuna nene zaidi, hakuna ya mlazo. Anayebonyeza kitufe cha kukoleza katika Word hupata unene wa bandia unaoziba matumbo ya a na e hadi yanabaki matobo madogo, na anayebonyeza kitufe cha mlazo huilaza fonti ambayo tayari inaegemea. Aidha, imepewa nafasi kubwa juu na chini ya mstari, kwa hiyo mistari miwili inayofuatana huachana mno na kusomwa kama vichwa viwili visivyohusiana. Punguza nafasi hiyo kwa mkono hadi mikia ya mstari wa juu ikaribie vichwa vya mstari wa chini, lakini isivigonge. Kama maandishi yanahitaji mistari mitatu au zaidi, hiyo ni ishara kwamba si kazi ya Pacifico tena.

Kwa sababu hiyo haiwezi kufanya kazi peke yake. Inahitaji mwenzake wa kubeba namba za simu, anwani na orodha ya huduma. Mwenzake wa asili ni Nunito, fonti nyepesi ya herufi zisizoshikana ambayo nayo ilianzishwa na Adams na ina ncha zilizoviringika vilevile, kwa hiyo zinapokaa kwenye bango moja zinaonekana zimetoka mkono mmoja. Kwa kweli zimepita mikono miwili ile ile. Adams alipata ajali mbaya ya barabarani mwaka 2014 na kufariki mwaka 2016, naye Jacques Le Bailly ndiye aliyeipanua Nunito ikawa na uzito wa aina nyingi, na ndiye pia aliyeichora upya Pacifico mwaka 2016, kabla ya Botjo Nikoltchev na Ani Petrova kuiongezea herufi za Kisirili mwaka 2017. Nakala za zamani bado zinazunguka katika mikusanyiko ya fonti inayogawiwa kwa flashi kutoka duka moja la stika hadi jingine. Ni bora kuzifuta na kupakua upya kutoka Google Fonts, hasa kama faili litafunguliwa kwenye kompyuta mbili tofauti.

Mshindani anayetajwa mara kwa mara ni Lobster ya Pablo Impallari wa Argentina, iliyotoka mwaka 2010. Lobster ina tofauti kubwa zaidi kati ya mchirizi mnene na mwembamba, na Impallari alichagua njia ngumu: badala ya kuilazimisha kila herufi ikubaliane na zote, alichora jozi nyingi za herufi zilizounganishwa mahususi. Katika programu inayoziwasha jozi hizo, matokeo ni mazuri kuliko ya Pacifico. Tabu ni kwamba si kila programu huziwasha yenyewe (matoleo ya zamani ya Word, kwa mpangilio wake wa kawaida, hayaziwashi), na mtumiaji wa kawaida hajui kwamba zipo. Kaushan Script, ya Impallari pia, ina kingo za brashi zisizo sawa na inafaa zaidi kwa anayetaka maandishi yaonekane yamepakwa kwa haraka ukutani. Kwa duka la samaki wa kukaanga ningechukua Kaushan. Kwa juisi, aiskrimu, nguo za watoto na vinyozi wachangamfu ningebaki na Pacifico.

Uchangamfu huo una mipaka yake. Pacifico haijui kununa. Ikiwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya marehemu inakuwa utovu wa adabu, na ikiwekwa juu ya mlango wa zahanati au ofisi ya wakili inapunguza imani ya anayeingia. Katika kadi za harusi naiona nzito mno: majina ya bwana na bibi harusi yanataka mchirizi mwembamba wenye kutuliza, ilhali Pacifico inaongea kwa sauti ya meza ya vinywaji. Kwa kicheni pati na sherehe za kuzaliwa watoto, sauti hiyo ndiyo inayotakiwa.

Leseni yake ni SIL Open Font License, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia katika biashara, kuichapa, kuiweka kwenye tovuti na hata kuirekebisha, mradi asiiuze fonti yenyewe peke yake na fonti itakayotokana nayo ibaki chini ya leseni hiyo hiyo. Uhuru huo una upande wa pili ambao mteja anapaswa kuelezwa kabla hajalipia nembo: jirani yake anaweza kesho kulichapa jina la duka lake kwa fonti ile ile, bure, na mabango mawili yakafanana. Nembo iliyo Pacifico tupu, bila herufi hata moja iliyoguswa, sioni sababu ya kuilipia gharama ya usanifu.

Kwa wenye biashara Zanzibar, Mombasa au Muscat wanaotaka bango la Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, ifahamike kwamba Pacifico haina herufi za Kiarabu. Kompyuta itazijaza kwa fonti nyingine yoyote iliyo nayo, mara nyingi nyembamba na rasmi, na nusu mbili za bango hazitapatana. Lemonada, iliyo bure pia katika Google Fonts, ina Kiarabu kilichochorwa na Mohamed Gaber na herufi za Kilatini za Eduardo Tunni; si ya brashi na haishikani upande wa Kilatini, lakini ni nene, ni ya duara na ina uchangamfu wa kutosha, na pande zake mbili zilipangwa tangu mwanzo kukaa pamoja. Kwa bango la namna hiyo ningeanza na Lemonada, na Pacifico ningeiacha kwenye vikombe vya juisi.